Shikamoo ya Mstari wa Kwanza

Mimi sijui kutulia. Shangazi yangu, dada yake baba, ambaye nilikaa kwake Msalato miaka yote ya chuo, alizoea kuniambia kwamba sakafu yake nitaimaliza kwa kwenda na kurudi. "Kaa chini wewe mtoto, unanitia kizunguzungu," alisema. Nilikaa, nikatikisa mguu, nikasimama tena. Kutikisa mguu nako kulimkera. Baba yangu naye yuko hivyo hivyo, ila yeye ana pa kumalizia: ana duka la vitambaa Kondoa mjini, na siku nzima anapanda ngazi, anashuka, anakunjua kitenge, anakikunja, na watu wanamsifu kuwa mchapakazi. Mimi nikifanya yaleyale na laptopu mkononi, naambiwa nina kiherehere.

Baba hakutaka nisome kompyuta. Hakugomba, kwa sababu si mtu wa kugomba, lakini alilisema wazi. Alitaka nisimame naye dukani, kwa kuwa kati ya watoto wake wote ni mimi niliyejua kuongea na mteja mpaka akasahau kwamba alikuja kuulizia bei tu. Mwishowe alikubali, kwa sharti. Alikuwa amejifunza maneno ya wanafunzi kutoka kwa wateja wake, akajua kwamba ukifeli somo unapewa sapu, yaani mtihani wa marudio, na ukifeli sapu unadisko, unafungasha virago. "Nenda Dodoma," akaniambia. "Sapu nitakusamehe. Ukidisko, unarudi hapa nyuma ya meza, na habari za kompyuta tunazifunga. Tumeelewana?" Nikasema tumeelewana. Wakati ule ningekubali lolote ili niondoke.

Dukani kwake kulikuwa na sheria moja iliyotangulia zote: huanzi neno bila salamu. Mtoto aliyetumwa na mama yake angeingia mbio, anahema, "Nipe uzi mweusi!" Baba hakumpa uzi. Alimtazama taratibu, akasema, "Marahaba." Mtoto anaduwaa. Hajamwamkia mtu, anaitikiwa nini? Kisha inamwingia, anaona haya, anasema, "Shikamoo." Na baba, "Marahaba. Haya, sasa anza upya." Mtoto anaanza upya, shikamoo kwanza, uzi baadaye. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya jora la kitambaa nikiwacheka watoto wa watu mpaka mbavu zinauma. Mimi mwenyewe sikuwahi kuitikiwa marahaba ya namna ile, kwa sababu nilizaliwa ndani ya hiyo sheria.

Basi siku ya kwanza ya somo la kuandika programu, mkufunzi wetu alituambia tuiamuru kompyuta iandike chochote kwenye skrini. Alikuwa mtu mzima mwenye miwani aliyoisukuma puani kila dakika. Wenzangu waliandika majina yao, wengine majina ya timu za mpira. Mimi niliandika: Shikamoo mwalimu. Alipopita nyuma yangu akainama, akasoma, akacheka kwa sauti. "Marahaba, binti!" Darasa zima likageuka. Nilifurahi, wallahi, kama nimepewa zawadi.

Toka siku hiyo kila programu yangu ilianza na mstari huo. Iwe ya kupanga majina, iwe ya kupiga hesabu za mavuno ya zabibu, kwanza inaandika shikamoo mwalimu, halafu ndiyo inatoa jibu. Mkufunzi alikuwa akikagua kazi zetu kwa kupita nyuma ya viti. Akifika kwangu anasema marahaba, anashusha macho kwenye jibu, anaweka alama, anaenda. Alishazoea. Nadhani alifika mahali akawa haoni tena kwamba mstari ule upo. Mwenzangu mmoja wa darasani, kijana wa Bahi, mtoto wa wakulima wa mpunga, alinitania kwamba mimi hata kikokotoo ningekibishia hodi. Huyo alikuwa mtu wa polepole kuliko wote niliowahi kukutana nao. Alitembea pole, alikula pole, na kabla hajakujibu alikutazama kwanza, na mimi nilitamani kumshika mabega nimtikise jibu litoke.

Mwaka wa mwisho tukawa wengi mno. Mkufunzi hakuweza tena kupita nyuma ya viti, kwa hiyo akatengeneza mfumo wa kusahihisha mitihani. Alitueleza unavyofanya kazi, nami nilisikiliza nusu, kwa kuwa nusu ya kwanza niliielewa haraka nikadhani nimemaliza. Ulikuwa hivi. Unaupelekea mfumo programu yako. Kwa mfumo hiyo si programu bado, ni maandishi tu, herufi zilizopangana. Mfumo unayachukua maandishi hayo na kuyaendesha wenyewe, pembeni, mahali wewe huoni. Kila kitu ambacho programu yako ingekiandika kwenye skrini, mfumo unakidaka njiani, unakitia mfukoni. Mwishoni unatoa kilichomo mfukoni, unakilinganisha na jibu lake. Vikilingana herufi kwa herufi, umepata. Visipolingana, hukupata, na hakuna mtu anayeangalia kwa nini.

Mtihani ulipokuja nilimaliza wa kwanza. Mimi kila mtihani humaliza wa kwanza. Kukaa na karatasi niliyokwisha kuijibu kwangu ni adhabu. Maswali yalikuwa mepesi: jumla ya mvua ya miezi, mwezi wenye mvua nyingi zaidi, vitu vya namna hiyo. Nilituma, nikatoka nje, nikanunua karanga, nikawasubiri wenzangu huku nazunguka mti wa mwarobaini mbele ya jengo. Kijana wa Bahi alitoka karibu na mwisho, akaniuliza ulikuwaje. Nikamwambia ulikuwa mteremko.

Matokeo yakaja. Sifuri. Si swali moja, maswali yote, sifuri, sifuri, sifuri, na kando ya kila moja maneno yaleyale: jibu halilingani.

Mtume! Nilisimama mbele ya ubao wa matokeo nikahisi damu imenipanda mpaka masikioni. Nilikimbia chumba cha kompyuta, nikafungua programu zangu zilezile, nikaziendesha. Jibu sahihi. Nyingine, jibu sahihi. Mstari wa shikamoo ulikuwa pale juu kabisa, ukinitazama, na sikuuona. Nani anaiona salamu? Macho yanairuka, yanaenda kwenye shida iliyokuleta.

Nikamfuata mkufunzi ofisini. Alikuwa na rundo la watu mlangoni. Niliposema mfumo wake umenionea akasukuma miwani. "Mfumo hauonei, binti, mfumo unalinganisha."

"Lakini jibu langu ni sahihi. Njoo uone."

"Kuna sapu. Kama una malalamiko, kata rufaa."

"Rufaa inasikilizwa lini?"

"Baada ya sapu."

"Sasa baada ya sapu rufaa ya nini, mwalimu? Nikishadisko mtanisomea dua?"

Watu mlangoni wakaguna. Yeye hakukasirika, akasema tu ndio utaratibu, akamwita aliyenifuata. Nilitoka. Sikuwa naogopa sapu yenyewe. Niliogopa kwamba sapu nayo itasahihishwa na mfumo uleule, na kama sijui nimekosea wapi, nitakosea palepale tena, na safari ya pili hakuna wa kunisamehe. Nililiona duka. Niliona ngazi, nikaona majora ya vitambaa, nikajiona mimi juu ya ngazi nikiwa mtu mzima, natafuta uzi mweusi.

Siku za kungoja sapu zilinitesa. Uwanja mpya wa ndege ulikuwa ukijengwa upande ule, malori yanapita, na upepo wa Dodoma unaleta vumbi lote hilo ndani ya nyumba ya shangazi. Nilifuta vumbi asubuhi, nikafuta mchana, ilimradi mikono iwe na kazi. Chakula hakikupita. Shangazi alipika mlenda, ninaoupenda, nikaugusa kidogo nikasukuma bakuli. Nilisoma programu zangu mpaka nikazijua kwa moyo. Nilibadilisha hiki, nikabadilisha kile, jibu likawa lilelile, sahihi.

Baba akapiga simu. Sauti ya mkasi nyuma yake, kra, kra, anakata kitambaa cha mtu huku simu ameibana begani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Masomo?"

"Salama tu."

Shangazi alikuwa anachambua mboga. Simu ilipokatika akanyanyua uso. "Salama?"

"Nimwambie nini sasa, shangazi? Nimwambie jibu ni sahihi na sifuri nayo ni sahihi?"

"Mwambie una sapu. Alishasema sapu anasamehe."

"Hiyo sapu nitafeli!"

"Eh! Na kujiloga tena." Akarudi kwenye mboga zake. "Subira, mwanangu. Subira yavuta heri."

Wanaosema subira yavuta heri ni watu ambao heri yao imeshafika. Hilo sikulisema kwa sauti, kwa sababu nilikuwa nakula kwake. Nilitoka uani, nikasimama chini ya kichanja cha mzabibu wake, na hapo hasira ikanisaidia kwa mara ya kwanza. Nilikuwa najiambia kwa uchungu, laiti ningeweza kufungua huo mfuko nione kilichodakwa. Halafu nikajiuliza, kwani mfuko una ajabu gani? Kuendesha maandishi, kudaka yanachoandika, kulinganisha. Hilo hata mimi naweza kulitengeneza. Nikaingia ndani mbio, nikagonga mlango kwa bega.

Nikaandika mfumo wangu mdogo. Kwanza, skrini ifungwe, kila kinachoandikwa kiingie mfukoni. Pili, chukua programu yangu ya mtihani kama maandishi, uiendeshe. Tatu, nionyeshe kilichomo mfukoni. Nikaupa amri uanze.

Kimya. Skrini tupu. Nikauamuru tena, kimya. Nikaongeza mstari wa kuandika "upo?" Kimya. Nikapiga meza kwa kiganja, chai ikamwagika, shangazi akaja na tambara huku akisema laptopu hiyo siku moja itanijibu. Nilikuwa nakaribia kulia. Ikabidi nisome nilichoandika, mstari kwa mstari, jambo ninalolichukia kuliko yote. Ndipo nikaona upuuzi wangu. Nilikuwa nimefunga skrini sikuifungua tena. Kwa hiyo hata nilipoiambia kompyuta nionyeshe mfuko, maonyesho yenyewe nayo yaliingia mfukoni. Hata "upo?" yangu imo humo. Maskini kompyuta ilikuwa inanijibu kila mara, na kila jibu nalidaka mwenyewe.

Nikaongeza amri ya kufungua skrini. Nikaendesha.

Shikamoo mwalimu. Na chini yake, jumla ya mvua.

Nilitazama. Nikasoma tena swali: andika jumla peke yake. Mfumo ulikuwa umesubiri namba, ukapewa heshima. Nilianza kucheka, nikacheka mpaka nikakaa chini kwenye sakafu, na shangazi akasimama mlangoni na tambara lake akisema, "Astaghfirullah, ameshachanganyikiwa." Nilipomweleza hakucheka. Alikaa kitini, akafikiri. "Kwa hiyo," akauliza, "wamekunyima kwa sababu umeamkia?" Alivyouliza hivyo kicheko kikaniisha, nikapata hasira upya.

Kesho yake nilimfuata mkufunzi na laptopu yangu wazi, sikungoja foleni. Nikaiweka mbele yake. Akainama, akasoma mstari wa kwanza.

"Marahaba," akasema, kwa mazoea tu. Halafu akasikia alichosema. Akavua miwani, akaishika mkononi. "Aisee," akasema. "Aisee, binti. Nilikuwa nauitikia mwenyewe huu mstari. Nilipotengeneza mfumo sikuukumbuka kabisa."

"Sasa nirudishie alama zangu."

Akanieleza, na uso wake ulionyesha kweli ameumia, kwamba matokeo yameshatoka mikononi mwake, kwamba akimrekebishia mmoja nje ya utaratibu wote watamjia, kwamba njia iliyopo ni sapu. "Toa huo mstari," akasema. "Utoe tu, utafaulu." Nikamuuliza kama haiwezekani kuufundisha mfumo uitikie. Alitabasamu, akaivaa miwani yake.

Nilipotoka nilimkuta kijana wa Bahi ananingoja nje, nikamsimulia, naye akanipa ushauri wake, baada ya kunitazama kwanza. Akasema kuna alama ukiiweka mbele ya mstari, kompyuta inauruka, hauandikwi kwenye skrini, lakini mstari wenyewe unabaki kwenye programu. Niweke alama hiyo, shikamoo ibaki pale kimyakimya, nisiumie.

"Shikamoo ya moyoni?" nikamwambia. "Nani anaitikia shikamoo ya moyoni? Kama haisikiki niifute."

Akainua mabega. "Basi ifute, dada. Usinipigie kelele mimi."

Nyumbani nilifanya mazoezi ya kuandika bila salamu. Usicheke. Vidole vyangu vilikuwa vimezoea. Nikifungua ukurasa mpya vinaandika shikamoo kabla sijafikiri. Nilivifundisha kama unavyomfundisha mtoto kuacha kunyonya kidole. Nilijihisi naingia nyumba za watu bila hodi, nachota maji mtungini, natoka. Lakini nilizoea. Kwa kweli nilizoea upesi kuliko nilivyotaka, mpaka nikaanza kuona ni starehe: ingia, sema shida, ondoka. Kwa mtu asiyejua kutulia kama mimi, hiyo ni raha.

Siku ya sapu roho ilikuwa juu. Kwa mara ya kwanza maishani sikutoka wa kwanza. Nilimaliza, nikakaa. Nilikalia mikono yangu kabisa, nikasoma upya kila programu, mguu ukitikisika mpaka msimamizi akaniangalia. Ya kwanza safi. Ya pili safi. Nikafika ya mwisho, na huko juu kabisa, mahali pake pa siku zote, mstari umekaa: Shikamoo mwalimu. Sikumbuki kuuandika. Mikono ilijiandikia. Nikaweka kidole kwenye kitufe cha kufuta, nikaufuta herufi kwa herufi, mpaka herufi ya kwanza. Nikatuma.

Matokeo yalibandikwa siku ya upepo mkali, karatasi inapigapiga ubao. Niliwasukuma watu. Nimefaulu. Si kwa kubahatisha, nimefaulu maswali yote. Nilipiga kelele iliyomfanya mlinzi ageuke. Kijana wa Bahi alikuwa nyuma yangu akisema hongera kwa mwendo wake wa kobe, sikumngoja amalize. Simu ilishakuwa sikioni. Iliita. Nilikuwa narukaruka mguu mmoja, mguu wa pili, pokea, pokea, pokea.

Ikapokelewa. Nikausikia mkasi, kra, kra.

"Nimefaulu!" nikasema. "Sirudi dukani!"

Mkasi ukasimama.

Nilingoja. Nilifikiri mtandao umekatika, nikatazama simu, haujakatika. Nilisikia dukani kwake mtu anauliza bei, na hakuna anayemjibu. Halafu baba akasema, taratibu, kwa sauti ileile niliyoisikia utoto wangu wote nikiwa juu ya jora la kitambaa:

"Marahaba."

Miguu iliacha kuruka. Upepo ulikuwa unanipiga vumbi machoni, na sikuyafumba. Niliona haya ambayo sijapata kuiona, haya ya mtoto aliyetumwa uzi mweusi, na chini ya haya hiyo nikasikia nilichomwambia: sirudi dukani. Nilikuwa nimemtupia hivyo hivyo, bila hodi, mzee aliyetaka nisimame naye.

"Haya," akasema. "Sasa anza upya."

Nilijifuta uso kwa ncha ya mtandio.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," akasema, na hapo sauti ilimkatika, akakohoa kidogo kuificha. "Enhe. Umesema umefaulu?"